Haidrenjia iliyostawi bila kutoa maua
Ndugu, umeuliza kwa nini haidrenjia yako yenye majani mapana haikutoa hata ua moja baada ya kuikata karibu na ardhi mwishoni mwa majira ya baridi. Naamini kosa liko kwenye wakati wa kuipogoa, wala si kwenye mbolea. Aina hiyo, Hydrangea macrophylla, huanza kutengeneza matumba ya mwaka ujao kwenye matawi ya sasa mwishoni mwa majira ya joto, kwa hiyo anayeyakata matawi hayo baadaye huyaondoa na maua yake. Ipogoe mara maua yanaponyauka, ukikata juu kidogo ya jozi ya kwanza ya machipukizi yaliyonona, na matawi makuukuu uyatoe machache tu kila mwaka kutoka chini kabisa. Hydrangea paniculata ni tofauti: hiyo huchanua kwenye matawi mapya, hivyo huvumilia kukatwa sana kabla ya kuchipua.

Majani yakilegea wakati wa jua kali, tafadhali usiharakishe kumwagilia, kwani mara nyingi hujiinua yenyewe jioni. Yasipojiinua, mwagilia shinani taratibu mpaka maji yafike mizizini, kisha utandaze majani makavu juu ya udongo.