Muulize Shangazi: Mkuu wetu anastaafu, tumpe ngao au tumpe nini?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mi ni patroni wa klabu ya midahalo na maigizo shuleni kwetu, mkuu wa shule anastaafu mwisho wa muhula huu na kamati tumeshakaa mara mbili tukaishia kugombana tu. Kuna wanaotaka ngao ya kioo, kuna wanaotaka picha kubwa ya fremu. Mi roho inakataa, maana huyu mama ndo aliyetuwezesha, kabla yake tulikuwa tunafanyia mazoezi chini ya mti, lakini nikiulizwa sasa wewe unataka nini sina jibu. Na risala wamenitupia mimi. Nisaidie. – Patroni aliyekwama

JIBU: Marahaba mwanangu. Ngao nunueni tu, haina ubaya, itakaa kabatini ifutwe vumbi yaishe. Ila mnagombania kitu kidogo wakati kikubwa kiko mkononi mwako, yani hiyo risala. Nimeshakaa kwenye hafla nyingi na risala zote ni ileile, mchapakazi, mpenda maendeleo, mlezi wa wote, ukibadilisha jina unaweza kumsomea mhasibu akastaafu nayo na hakuna atakayeshtuka.

Jiulize kwanza mkuu wa shule anafanyaga nini hasa kwenye sanaa, maana hafundishi kuigiza, hafundishi kuhutubia, wala hakai na watoto jioni kukariri. Yeye anashika ratiba, ufunguo wa holi na sahihi, basi. Kwahiyo andika hayo. Nani alikataa kipindi cha klabu kisimezwe na mitihani ya majaribio, nani alisaini pesa ya basi siku ya mashindano wakati wenzake wanasema hiyo ni anasa, na yule mzazi aliyekuja juu kwamba mtoto wangu nimemleta asome sio aruke jukwaani, alijibiwa nini ofisini? Watafute wanafunzi wa zamani wawili watatu uwaulize, alafu chukua kisa kimoja tu ukisimulie vizuri mpaka mwisho. Visa kumi vya juujuu watu wanasahau kabla hawajafika getini.

Na kuna kitu kimoja usikiache, kama alikuwa anakaa kuangalia. Wakuu wengi wanafungua shughuli, wanapiga picha na mgeni rasmi, wanaondoka naye. Mkuu wetu sisi enzi hizo alikuwa anakaa mstari wa pili, miwani imeshuka puani, na ukimwangalia midomo unaona inacheza, kumbe maneno ya igizo zima anayajua, alikuwa anapitaga mazoezini jioni anasimama dirishani bila kuingia. Mi nilikuwa naigiza mlinzi, nina sentensi moja. Na hiyo moja nayo alikuwa anaijua.

Sasa kwenye ratiba ya siku yenyewe, tafadhali sana msimuage mtetezi wa watoto kuongea kwa kuwanyamazisha watoto ili wakubwa waongee masaa matatu. Kwenye midahalo ya mtindo wa World Schools, ule wa mashindano ya kimataifa ya shule, kila upande una wasemaji 3, hotuba kuu ni dakika 8 na ile ya kufunga ni dakika 4. Kama dakika 4 zinatosha kufunga mdahalo mzima, zinamtosha na mgeni rasmi, mwambieni emsii awe mkali na kengele iwepo. Alafu kama klabu yenu inafanya zile hotuba za papo kwa papo, ambazo kwenye mashindano ya Marekani mwanafunzi anapewa swali, anajiandaa dakika 30 na kuhutubia zisizozidi 7, mwacheni mama mwenyewe aandike maswali. Asishangiliwe tu kama bibi harusi, apewe kazi anayoipenda.

SWALI: Shangazi, kwetu mwalimu wa sanaa ndo anateseka na watoto mpaka usiku, alafu tuzo anapewa mkuu. Hii ni haki kweli? – Mzazi mwenye kinyongo

JIBU: Kinyongo chako nakielewa, na mwalimu huyo kama hajatajwa kwa jina siku hiyo mtakuwa mmekosea vibaya. Ila kumpa tuzo mkuu sio ajabu, hata kile chama cha midahalo ya shule cha Marekani, National Speech & Debate Association, kilichoanza 1925, kina tuzo yake kwa ajili ya viongozi wa shule, mbali na zile za makocha. Kipimo changu ni rahisi, mwalimu akihamishwa kesho, klabu inabaki au inakufa naye? Kama mkuu alishaiweka kwenye ratiba, akaitengea fungu na kutafuta mwalimu wa pili wa kusaidia, hapo amefanya kazi ambayo mwalimu peke yake asingeiweza. Kama alikuwa anakuja kupokea kikombe tu ili apigwe picha, basi mpeni kikombe mwenye jasho lake.

SWALI: Mkuu wetu anapenda sana kwaya na ngonjera lakini ukimsifia mbele za watu anatoka nje kabisa. Tufanyeje? – Katibu, kidato cha 3

JIBU: Msimsifie, mwanangu. Fungueni kabati la mavazi ya maigizo mhesabu yaliyochanika, mjaribu na ile maiki inayokoroma kila siku, mkusanye maandishi ya ngonjera mlizowahi kutunga yapigwe chapa na kujalidiwa. Mtengeneze hivyo vitu, siku ya mwisho mwimbieni wimbo mmoja, na mlango wa holi uacheni wazi ili akitaka kutoka atoke, atasikilizia nje.