Ile hela inayong'aa

Mwanangu,

Salamu zako za shikamoo nimezipata, marahaba. Huku Tabora hatujambo. Baba yako magoti yamepoa kidogo tangu mvua zianze.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeuliza mawili: katika lile kopo la sarafu alilokuachia marehemu mjomba wako zipi zina kosa la kiwandani, na ukiziuza utapata kiasi gani. Ukaongeza, tena kwa furaha, kwamba ile hela 20 (heller, sarafu ya Wajerumani) ya mwaka 1916 inang'aa kuliko zote, na yule bwana aliyeona picha kwenye simu yako yuko tayari kuchukua kopo zima kwa jumla. Mwambie asubiri.

Kwanza itoe ile peni, senti 10 ya tundu. Utaona pembe za ndovu zimelizunguka tundu. Kwenye ile ya mjomba wako tundu limekwenda upande na kula pembe moja. Vipande vya peni na vya ndururu, senti 5, vilikuwa vinatobolewa kwanza, ndipo vinagongwa chapa. Tundu likikosewa kiwandani, chapa hulikuta lipo tayari na kuulainisha ukingo wake. Aliyetoboa baadaye kwa keekee huacha ukingo mkali, na alama za sarafu zimekatwa ghafla. Pitisha ukucha, kisha tazama kwa lenzi ya fundi saa. Mjomba wako alikuwa akisema kosa la mashine ni la sarafu, kosa la mkono ni la mtu. Nami nasema hivyo hivyo mpaka leo.

Mistari nayo ina siri yake. Mstari ulioinuka juu ya uso wa sarafu ni ufa wa chapa: chuma cha chapa kilipasuka, na shaba ikaingia kwenye ule ufa. Mstari uliochimbika ndani ni mkwaruzo wa msumari, funguo au mtoto. Na ukikuta sarafu kama imeumwa pembeni, geukia upande unaotazamana na lile pengo. Kama ukingo wa huko nao umefifia, kipande kilikatwa vibaya kabla ya kugongwa. Kama ukingo wa huko ni mzima kabisa, basi mtu amekata kwa tupa.

Sasa hiyo hela. Umeniandikia kwamba herufi zake zimekaa vibaya na chapa imekwenda pembeni, kwa hiyo lazima iwe na kosa. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezingirwa, sarafu kutoka kwao hazifiki tena, wakaamua kujigongea zao katika karakana ya reli hapa hapa Tabora. Walitumia shaba waliyoipata, hata maganda ya risasi na mizinga, ndiyo maana nyingine ni nyekundu na nyingine za njano. Chapa zilichongwa kwa mkono. Geuza uione ile T ndogo, ndiyo Tabora yetu. Hizo karibu zote zimepinda, zimefifia au zina nyufa. Penye kupinda kote, kupinda si ajabu. Wanaozijua hutazama taji kama ni kubwa au dogo, na ncha za zile L mbili za neno HELLER kama zimejikunja au zimechongoka. Huko ndiko aina zinakotofautiana. (Ya dhahabu, ile rupia 15 yenye tembo, kwetu haikuwahi kuingia, usiitafute humo.)

Lakini hukuniuliza kwa nini inang'aa. Umedhani kung'aa ndiyo uzuri wake, na miye ndiye ninayejua.

Mwaka 1974 nilikuwa na miaka 13, nakaa kwa mjomba wako ili nisome. Unajua alivyokuwa: kutoka karakana, kuoga, chai, kisha kopo lake. Hela ile alipewa na babu yetu, aliyebebea Wajerumani mizigo na kulipwa kwa hizo hizo, kisha Wabelgiji wakaingia mjini Septemba 1916 akabaki nazo mkononi. Ilikuwa nyeusi kama mbegu ya ukwaju. Ilipokaribia Idi, nikasugua masufuria yote ya wifi, nikasugua na taa, kisha nikalitoa kopo. Limau, majivu, kitambaa cha gunia. Niliisugua hela ile mpaka nikaona uso wangu ndani yake. Nikaipanga na wenzake juu ya kitambaa cheupe, nikakaa mlangoni kumsubiri.

Aliingia, akaiona. Hakupiga kelele. Aliichukua kwa ncha za vidole, akaipeleka dirishani, akaigeuza, akaigeuza tena. Akaniuliza, "Umeosha zote?" Nikasema nimeanza na hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuwa chafu zaidi. Akairudisha koponi, akatoka kwenda kukaa chini ya mwembe mpaka Magharibi. Wifi alinipikia uji, sikuunywa.

Mwezi uliofuata ndipo aliponinunulia lenzi na kuanza kunifundisha haya niliyokuandikia juu. Hakuwahi kuitaja tena. Angetukana ningekwisha sahau.

Nami nimejiuliza miaka yote hii: kopo amekuachia wewe, si mimi, ni kwa sababu ya limau lile? Baba yako anasema hapana, wewe ndiye uliyekuwa ukikaa naye likizo na kuzihesabu. Huenda ni kweli. Tena alinipa lenzi, na lenzi humpi mtu usiyemwamini. Basi nayaacha. Lakini siyaachi.

Kuhusu bei: zile shilingi za simba, za Afrika Mashariki enzi za Mwingereza, zisikutie wazimu. Za 1921 hadi 1946 ni robo tu madini ya fedha. Shilingi moja ina gramu 7.78, kwa hiyo fedha halisi haifiki gramu 2. Za 1948 hadi 1952 hazina fedha kabisa. Peni ya tundu la upande ipimwe peke yake, ioneshwe watu wasiopungua wawili, na usitazame bei anayotaka muuzaji, tazama iliyokwisha kulipwa mnadani. Kopo zima kwa jumla ni namna ya kununua peni ile bila kuitaja. Na usioshe hata moja, hata kwa maji matupu. Kosa la mkono ni la mtu.

Uuze au usiuze, sisemi. Kopo ni lako, na ada ya mtoto haingoji. Ningekuwa mimi, peni nisingeiuza... lakini si mimi niliyepewa.

Ile inayong'aa, ukimpa mtu, mwambie kabla hajatoa pesa kwamba imesuguliwa, kwa limau na majivu, mwaka 1974. Akikuuliza ni nani, mtajie.

Mama yako