Mtoto njiti: kifua cha mama au mashine ya joto?

SWALI: Daktari, mkamwana wangu amejifungua mtoto njiti wa kilo 1.7. Baada ya siku 12 wameruhusiwa kurudi nyumbani, na wauguzi wametuagiza mtoto akae kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Sisi tumezoea mzazi apumzike siku arubaini, na mtoto mdogo namna hii aviringishwe nguo nzito, jiko la mkaa liwekwe chumbani. Nina shaka tumeambiwa hivyo kwa kuwa mashine za joto ni chache na sisi hatuna uwezo. — Bibi, Pangani, Tanga

JIBU: Shikamoo bibi, na hongera kwa mjukuu. Shaka yako ina asili yake, kwani njia hii, iitwayo matunzo ya kangaruu, ilianzishwa na daktari Edgar Rey mjini Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu ya uhaba wa mashine hizo hizo. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani lilisimamia utafiti katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021, ukiwalinganisha watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8 waliowekwa kifuani mara tu walipozaliwa na wenzao waliotangulizwa kwenye mashine mpaka hali zao zitulie. Katika siku 28 za mwanzo walifariki 12 katika kila 100 wa kundi la kifuani, na karibu 16 katika kundi la pili. Mashine zilikuwepo, bibi, na kifua kikazishinda.

Jiko la mkaa liondoeni leo hii, maana hewa yake yaweza kuua mama na mtoto wakiwa usingizini.

Ama arubaini, haivunjwi, kwani mama atapumzika mtoto akiwa kifuani. Mtoto avuliwe, abaki na nepi, kofia na soksi; akae wima katikati ya matiti, miguu ikiwa imekunjwa kama ya chura, uso umegeuzwa upande, kidevu kisiangukie kifuani. Kanga ifungwe kwa kumkaza, ukingo wake wa juu ufike chini ya sikio, na mama alale ameegemea mito. Akichoka, baba wa mtoto ampokee, au wewe mwenyewe; kifua chako kina joto lile lile.

Nakusihi hivi kwa sababu vifo vya akina mama kutokana na uzazi nchini vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16 hadi 104 katika ule wa 2022, ilhali vya watoto wachanga vilitoka 25 kwa kila 1,000 vikafika 24 tu. Mtoto akikataa kunyonya, akipumua kwa kasi, akipata degedege, au akiwa wa moto au baridi kupita kawaida, pigeni 115 bila malipo mpate usafiri wa dharura, naye aende akiwa kifuani vivyo hivyo.

Endeleeni hadi afike kilo 2.5, au mpaka mwenyewe aanze kujinyonganyonga na kusukuma kanga atoke.