Mama mdogo, kwa nini mwanangu karudi shule ile ile

Mama mdogo, shikamoo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unauliza nimepata wapi moyo wa kumrudisha kijana kwenye shule ambayo wenzake walipigwa risasi, na kama huku Marekani kumetushinda nimlete Ujiji akasome. Nakujibu bila kuficha, maana kwenye kundi la familia natuma picha za theluji na sikukuu tu.

Siku ile saa nne asubuhi aliniandikia: "Mama niko chini ya meza. Usipige, simu italia." Nilimpata saa nane mchana, ana kiatu kimoja.

Kumhamisha nilifikiria. Nimpeleke wapi? Shule nyingine zilizopigwa risasi ni hizi: Columbine ni Colorado, 1999. Parkland ni Florida, 2018, waliuawa watu 17. Uvalde ni Texas, 2022, watoto 19 na walimu wawili, na polisi walikuwa ndani ya jengo zaidi ya saa nzima kabla ya kumkabili muuaji. Haki ya kuwa na silaha imo kwenye katiba yao tangu 1791, na bunduki zinauzwa dukani mchana kweupe. Ukihama mtaa huu, huko uendako ni hivyo hivyo.

Lakini kilichonitisha zaidi ni wiki mbili alizokaa nyumbani. Kwetu ukifiwa mkeka unatandikwa, watu wanalala chini, hata asiye na la kusema anakaa. Huku majirani waliacha chakula mlangoni, wakatoa pole, wakaondoka. Wema wao nauheshimu, ila mimi na baba yake tulirudi kazini siku ya nne, mtoto akabaki anatazama dari. Aliyekuja akakaa ni mmoja, mama wa Kikongo aliyeishi miaka mingi kambini Nyarugusu, hapo hapo Kasulu. Aliketi sakafuni kando ya kitanda, hakumuuliza kitu. Alikimbia bunduki kwao, na leo wanawe wanafundishwa shuleni namna ya kujificha.

Kurudi alitaka mwenyewe. Nilikataa siku tatu. Akaniambia, "Wale ndio wanaojua, mama." Nikampeleka.

Siku ya kwanza hawakusoma. Upande yalikotokea mauaji umefungwa. Walikuwepo washauri nasaha, na mbwa wapole walioletwa watoto wawapapase. Wanafunzi walikaa chini kwenye ukumbi wa michezo, bega kwa bega, huyu analia, yule anacheza karata. Nikasimama mlangoni nikalia na mimi, maana matanga niliyoyatafuta wiki mbili yalikuwa pale.

Sisemi amepona. Kila darasa anachagua kiti cha kuona mlango. Kengele ya moto ikilia hajui akimbilie nje au ajifiche, kwa sababu Parkland kengele ililia katikati ya risasi, na watoto wakatoka kwenye korido. Na mimi kila asubuhi akishuka kwenye gari sina cha kumwahidi.

Juni, shule zikifungwa, namleta mpumzike naye. Naomba asiulizwe habari hizo. Sufuria ikianguka akaruka, watoto wasimcheke. Kama kuna harusi ya kupiga fataki, nijulishe mapema nimtoe. Jioni binamu zake wampeleke Kibirizi, akae nao tu, waangalie ziwa.