Maswali Yenu: Vifaa vya Kuonyesha Ndege Jirani

Mimi ni mwanafunzi wa urubani hapa Wilson, Nairobi. Tangu ile ajali ya Machi 5, 2024, Dash 8 ya abiria ilipogongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, nyumbani hawalali. Mjomba aliye Marekani anataka kuninunulia kipokezi kinachounganishwa na kishikwambi. Kitanionyesha ndege zote zilizo karibu nami?

Hapana, na heri ulijue hilo kabla pesa hazijatoka. Kipokezi hakina rada ndani yake. Kinasikia ndege inayojitangaza, basi.

Ndege yenye ADS-B, mfumo wa ndege kujitangazia ilipo kwa redio, hutuma nafasi yake takriban mara mbili kila sekunde kwenye megahezi 1090, pamoja na kimo, mwendo na alama za usajili. Hiyo utaiona vizuri: iko upande gani, umbali gani, inapanda au inashuka. Ndege yenye transponda (redio inayojibu rada) ya kawaida isiyo na ADS-B haisemi iko wapi. Hujibu tu inapoulizwa na rada ya ardhini au na mfumo wa kuepusha migongano wa ndege kubwa, TCAS, na jibu lake hubeba namba na kimo peke yake. Vipokezi vingine hukisia umbali wake kwa nguvu ya mawimbi, kisha vikachora duara kukuzunguka bila kuonyesha upande. Ukiona duara hilo lina +03, maana yake kuna mtu futi 300 juu yako, mahali fulani. Na ile ndege isiyo na transponda, au ambayo rubani wake kaisahau kwenye SBY (hali ya kungoja, isiyojibu), haitatokea kabisa.

Sasa hilo la Marekani. Kule ndege nyingi ndogo hutumia megahezi 978, na vituo vya ardhini huzirushia ndege zenye ADS-B picha ya rada, hata ya zile zisizo na ADS-B. Ndiyo maana mjomba ataona video za skrini zilizojaa ndege. Huku kwetu hakuna anayetumia 978 wala huduma hiyo ya kurusha picha ya rada. Kipokezi cha masafa mawili kitafanya kazi, lakini kwa sikio moja. Akipata cha 1090 peke yake kwa bei nafuu, hujapoteza kitu.

Je, bado kina faida? Kubwa. Mwongozo wa mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, unahesabu sekunde 12.5 tangu jicho lione kitu hadi ndege ianze kugeuka. Ndege aina ya Caravan inayokuja kwa noti 160 (maili za baharini kwa saa) ikikutana uso kwa uso na 172 yako ya noti 100, mnasogeleana maili moja ya baharini kila sekunde 14 hivi. Ukimwona akiwa maili moja, muda umekwisha. Skrini ikikuambia akiwa maili 8 utakuwa na karibu dakika mbili za kumtafuta, na jicho linaloambiwa litazame wapi huona mapema kuliko jicho linalozurura.

Mwombe mwalimu wako ruhusa kwanza. Tena mzoee kifaa ardhini, maana mwanafunzi anayesoma skrini kwenye mzunguko wa uwanja ni hatari kuliko asiye nayo.

Salaam. Nina Cessna 182 Arusha. Nimeletewa kifaa cha mkononi chenye betri kinachopokea na kurusha ADS-B. Nikifunge wapi? Na je, nikikiwasha naweza kuizima transponda yangu ya zamani inayosumbua?

La pili kwanza, Mzee: usiizime. TCAS ya ndege kubwa huuliza kwenye megahezi 1030 na kungoja transponda ijibu. Kifaa cha mkononi hurusha tu, hakijibu. Ukizima transponda, ndege ya abiria aina ya ATR inayoshuka kuelekea Kilimanjaro haitapewa na TCAS yake amri ya kupanda au kushuka kukukwepa. Peleka transponda kwa fundi.

Kabla ya kurusha chochote, uliza kwa maandishi Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA). Vifaa hivi vya mkononi vinakubaliwa Uingereza kwa kanuni zao wenyewe. Marekani vya kurusha vimekatazwa. Kibali cha nchi moja hakivuki mpaka. Mpaka ujibiwe, kiweke kwenye hali ya kupokea tu. Menyu yake inalo chaguo hilo.

Kuhusu mahali. Mawimbi ya 1090 hayapiti kwenye bati, na mwili wa mtu huyanyonya kwa sababu umejaa maji. Ndege yako ina paa la bati na mabawa juu, na injini mbele. Mahali pabaya kuliko pote ni mfuko wa kiti, halafu sakafuni, halafu juu ya dashibodi chini ya jua, ambako kifaa huchemka na kujizima. Kioo cha pembeni nyuma ya abiria kwa kawaida hufaa: GPS inaona anga na antena ina nafasi. Antena isimame wima. Ikilala, unatupa sehemu kubwa ya mawimbi, kwa kuwa antena za wenzako zimesimama.

Vioo vya ndege ni plastiki. Kabla ya kubandika ule mpira wa kunasa, futa kwa maji na sabuni laini na kitambaa cha pamba. Spiriti, petroli au dawa ya vioo vya gari itakuachia nyufa ndogo ndogo kama utando, na kioo kipya bei yake unaijua. Funga pia kamba nyembamba ya usalama, kwani mpira ukipata joto la kuegesha kisha baridi ya futi 9,500 huachia bila taarifa.

Umeme nao: 182 za karibuni zina volti 28. Adapta ya gari iliyoandikwa 12V tu itaungua humo, kwa hiyo nunua inayosema 12–24V au 10–32V. Adapta za bei chee hupiga kelele kwenye redio. Ijaribu hivi: injini imezimwa, washa redio, fungua skwelchi (kizuia mvumo) usikie mvumo, kisha chomeka adapta. Mvumo ukibadilika au ukizidi, itupe. Halafu tazama dira ya sumaku huku ukiwasha na kuzima kifaa. Ikicheza, sogeza kifaa mbali.

Mwisho wa kufunga ni kupima. Panga na rafiki mwenye ADS-B akae maili 5 hadi 10 kutoka kwako, futi 1,000 juu au chini, kisha zunguka duara zima taratibu ukiwa na mtu wa pili wa kutazama skrini. Andika ni katika uelekeo gani rafiki anapotea. Karibu kila ndege ina pembe kipofu. Ukishaijua yako, huko ndiko macho yako yatafanya kazi zaidi.

Mipangilio ninayoipendelea safarini ni duara la maili 10 na futi 2,000 juu na chini. Ukikaribia uwanja shusha hadi maili 3 na futi 1,000, la sivyo kengele italia kwa kila ndege iliyoegeshwa na utaizoea. Kengele iliyozoeleka haina kazi. Sauti ipitishe kwenye hedseti. Kumbuka pia kwamba upande wa juu wa ramani ni njia unayopita, si pua ya ndege: upepo wa ubavuni ukikulazimisha kuelekeza pua nyuzi 15 kushoto, ndege inayoonekana mbele moja kwa moja kwenye skrini utaiona kulia kidogo dirishani.

Kila nikiruka kuna ndege inanifuata juu kabisa yangu, kimo kilekile, inalia bila kukoma. Nikitazama hakuna kitu. (Msomaji, Mombasa)

Ni wewe mwenyewe. Kipokezi kinaisikia transponda yako na hakijui ni yako. Ingia kwenye mipangilio, uandike namba ya ndege yako ya biti 24: ni herufi na tarakimu sita, na kwa ndege za Kenya huanza na 04C, za Tanzania 080. Utaipata kwenye ukurasa wa usanidi wa transponda ya Mode S. Herufi ni A hadi F tu, kwa hiyo ukijikuta unaandika O, hiyo ni sifuri. Transponda ya zamani ya Mode C haina namba hiyo. Hapo punguza usikivu wa duara lisilo na upande au lizime.

Ukiona nakala zako mbili zenye majina tofauti, basi transponda yako tayari inarusha ADS-B na kifaa cha mkononi nacho kinarusha. Zima urushaji wa kile cha mkononi. Na ukiazima kifaa kwenda ndege nyingine, badilisha namba na usajili kabla ya kuwasha injini. Ndege moja kuonekana kwa jina la nyingine iliyo hanga huwavuruga watu vibaya sana.

Tunasimamia uwanja mdogo wa changarawe wenye ndege kumi hivi kwa siku, hatuna mnara. Tunataka skrini ofisini ya kuona zinazokuja. Tununue nini, na tunaweza kuwaambia marubani tunachokiona?

Vifaa ni vichache: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, kipokezi cha USB cha aina ya RTL-SDR, programu ya dump1090, antena ya 1090 na waya wake. Pesa nyingi ziende kwenye antena na waya, na hapo ndipo wengi hukosea. Waya mwembamba wa RG-58 wa mita 10 hula kama desibeli 6 au zaidi, yaani robo tatu ya nguvu imeishia njiani. Tumia waya mnene wa LMR-400, au funga kipokezi juu karibu na antena kwenye sanduku lisiloingia maji, ushushe data kwa waya wa mtandao. Sanduku lipakwe rangi nyeupe na liwe kivulini.

Mkiamua kujitengenezea antena, robo ya wimbi ni milimita 69, na kosa la milimita 3 linaonekana. Iwekeni juu ya paa la bati, si chini yake. Ikiwa mita 10 kutoka ardhini, kwenye tambarare mtaona ndege ya futi 1,000 juu ya ardhi hadi karibu maili 46, na ya futi 500 hadi 35. Mlima ukikaa katikati, nyuma yake hamwoni kitu. Wekeni kinga ya radi na waya wa ardhi. Maeneo yetu hayacheki na radi.

Kuhusu kuwaambia marubani, skrini hii si rada, nanyi si waongoza ndege. Msiseme "pita nyuma yake" wala "uko salama kushuka". Mkiwa na kibali cha kutumia masafa ya uwanja, toeni taarifa peke yake: aina ya ndege, umbali, upande, kimo, na kwamba kuna nyingine zisizoonekana. Utaratibu huo uandikwe na mamlaka ya nchi yenu iuone kabla hamjafungua redio. Faida kubwa kwetu sisi naiona kwingine: kuondoa ng'ombe na twiga kwenye njia ya kutua dakika kumi kabla badala ya mbili, na kujua ndege iliyochelewa ilionekana wapi mara ya mwisho.

Naishi Leicester na narusha ndege ndogo wikendi. Kwa vifaa vya kuonyesha ndege jirani, klabu ina FLARM, rafiki ana PilotAware, mwingine SkyEcho. Kwa nini hatuonani?

Kwa sababu kila kimoja kina lugha yake. FLARM ilianzia Uswisi 2004 kwa ajili ya ndege za kunyiririka zisizo na injini, na Ulaya hutumia eneo la megahezi 868. PilotAware iko karibu na 869.5, SkyEcho inarusha 1090. PilotAware husikia 1090 pia, na huwapata wa FLARM kupitia vituo vyake vya ardhini pale vilipo. FLARM ya kawaida haisikii 1090, PowerFLARM husikia. Orodhesheni klabuni nani anarusha nini na nani anasikia nini, ibandikeni ukutani. FLARM isasishwe programu yake ya ndani angalau mara moja kila miezi 12, la sivyo itafika siku ikatae kufanya kazi, na kawaida siku hiyo huwa asubuhi nzuri ya Jumamosi.

Nikiwa nimeegesha Wilson kifaa kinasema futi 5,300 wakati uwanja uko juu ya 5,500. Kimeharibika?

Hakijaharibika. ADS-B na transponda hutuma kimo cha kanieneo ya kawaida, hektopaskali 1013, bila kujali QNH (kanieneo ya wakati huo kwa usawa wa bahari) uliyoweka kwenye altimita, yaani kipima kimo. QNH ikiwa 1021 tofauti ni hektopaskali 8, na kila moja ni futi 27 hadi 30. Wote wakitumia kipimo kimoja, tofauti kati yenu inabaki sahihi. Tofauti ikizidi futi 125 baada ya kuweka altimita 1013, hapo mwite fundi.

Kuna programu ya simu inayoonyesha ndege bure kupitia intaneti. Inatosha?

Kwa kujua nani yuko njiani kabla hujapaa, ndiyo. Angani inategemea minara ya simu inayotazama chini kwa watu, na data huchelewa. Ndege ya noti 120 huhama zaidi ya mita 600 kwa sekunde 10, nayo alama kwenye simu bado imekaa palepale.