Semina ya mtandaoni ya uelekezi rika: wengi hujisajili, wachache huingia

Umesema kwenye semina yako ya uelekezi rika (mtu kumwelekeza mwenzake wa rika au ngazi moja) waliojisajili walikuwa wengi, walioingia wachache, na hujui kama walijifunza kitu. Kujisajili ni ahadi nyepesi, mtu husahau. Tuma kikumbusho siku 1 kabla na kingine saa 1 kabla, vyote vikiwa na kiungo cha kuingilia. Tangazo litoke wiki 3 kabla, na liseme mshiriki ataweza kufanya nini, mfano kuendesha kikao cha kwanza cha kumwelekeza mwenzake. “Karibuni tujadili uelekezi” haimvuti mtu.

Dakika 60 zinatosha. Mada isizidi 25, kisha wagawe watatu watatu: mmoja aeleze tatizo lake, wa pili asikilize na kuuliza, wa tatu aangalie. Usikate sehemu hii hata muda ukibana! Waelekezi rika wengi hukosea kwa kukimbilia kutoa majibu, na kosa hilo halionekani mpaka mtu ajaribu. Sauti na vyumba vidogo vya mtandaoni vya makundi hayo vijaribiwe mapema.

Dodoso la maswali 5 lijazwe kabla hamjaagana. Likitumwa kesho yake, wengi hawalijazi. Lakini hilo hupima kuridhika tu. Baada ya wiki 6 waulize: umekutana na mwenzako unayemwelekeza mara ngapi?