Kwa wadogo zangu wa Kigoma mnaokwenda kuanza kazi ya upagazi mlima Kilimanjaro mwezi Juni

Mei inapokaribia kwisha, Kigoma huwa imekwisha kukauka. Mvua zetu ni za msimu mmoja, huanza kati ya Oktoba na Novemba na kukoma kati ya Aprili na Mei, kwa hiyo kijana anayepanda basi la kwenda Moshi mwanzoni mwa Juni huondoka nyumbani akiwa ameshazoea vumbi la barabara ya Ujiji na upepo wa kusi ulioanza kuvuma ziwani. Wengi wenu mnafika huko mkiamini kwamba kiangazi kimeanza kila mahali. Upande wa Kilimanjaro masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na miaka mingine mvua huvuka na kuingia Juni. Huku chini ilikuwa mvua, lakini sehemu za juu kabisa za mlima ilianguka theluji, na mnapofika ninyi theluji hiyo huenda bado ipo njiani. Nimefanya kazi katika mlima huo kwa miaka mingi, kwanza nikibeba mizigo pamoja na wagumu, yaani wapagazi, wenzangu, kisha nikiongoza wageni, na ninawaandikia kwa sababu Juni ndio mwezi ambao watu wapya huanza kuitwa kwa wingi, huku njia ikiwa bado haijatulia.

Huenda mmesikia pia kwamba theluji ya Kilimanjaro inakwisha, na habari hiyo ni ya kweli kwa barafu ya kudumu: kati ya mwaka 1912 na 2007 eneo lililofunikwa na barafu hiyo lilipungua kwa takriban asilimia 85. Msichanganye mambo hayo mawili. Barafu ya kudumu ni ile inayokaa miaka na miaka karibu na kilele cha Kibo, na kupungua kwake hakuzuii theluji ya msimu kuanguka usiku mmoja na kufunika njia yote ambayo jana ilikuwa changarawe tupu. Hiyo ya msimu ndiyo itakayokuhusu ukiwa na mzigo kichwani.

Tuanze chini. Msituni, kuanzia getini hadi kiasi cha mita 2,800, tatizo la Juni ni tope. Miteremko ya kusini, zinakopita njia za Machame, Umbwe na Mweka, hupata mvua nyingi kuliko upande wa kaskazini inakopita njia ya Rongai, na mwanzoni mwa kiangazi tofauti hiyo huonekana wazi chini ya miguu. Tembea kwa hatua fupi, weka wayo wote chini, na usikanyage mizizi iliyolowa hata kama inaonekana kama ngazi iliyotengenezwa kwa ajili yako, kwa sababu mzizi uliomenyeka gome huteleza kuliko tope lenyewe.

Sehemu ninayotaka muiogope ni inayofuata, kati ya mita 3,000 na 4,000, ambako miti imekwisha na kumebaki vichaka na nyasi. Wageni huogopa theluji, na vijana wapya huiogopa pia, lakini kwa maoni yangu mvua ya baridi inayonyesha katika nyuzi 3 au 4 huku upepo ukivuma ni hatari zaidi kuliko theluji kavu. Theluji kavu unaikung'uta begani na kuendelea na safari. Mvua ile hupenya hadi kwenye ngozi, na mwili uliolowa ukipigwa na upepo hupoteza joto haraka kuliko unavyoweza kulirudisha. Mpagazi hupata joto wakati anapotembea na mzigo, kisha hufika kambini, huanza kusimamisha mahema akiwa amesimama sehemu moja, na hapo ndipo baridi humwingia. Kwa hiyo kanuni yangu kwa kila mtu mpya ni kwamba fulana na soksi za kulalia hazivaliwi njiani kwa sababu yoyote ile. Zifunge katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, uweke mfuko huo katikati ya begi lako, na ukifika kambini vua kilicholowa kwanza kabla ya kushika kamba ya hema. Ukimwona mwenzako ametetemeka sana, kisha akaacha kutetemeka huku maneno yake yakianza kuwa mazito na vidole vikishindwa kufunga zipu, usidhani amepata nafuu. Mpe nguo kavu, mwingize ndani, mpe kitu cha moto chenye sukari ikiwa anaweza kumeza vizuri, na mwite mwongozaji mara moja. Kamwe msiingize jiko linalowaka ndani ya hema mnamolala ili kupata joto, kwa kuwa hewa yake yenye sumu haina harufu na humkuta mtu usingizini.

Hesabu ya baridi si ngumu. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Ziwa letu liko katika mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na kambi ya Barafu iko karibu na mita 4,650. Usiku wa Juni ambao Kigoma una nyuzi 18 unaweza kuwa chini ya sifuri kwa nyuzi 5 kule, kabla hujahesabu upepo. Kileleni, katika mita 5,895, nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri kabla ya mapambazuko si jambo la ajabu. Maji ya kunywa huganda kuanzia juu, kwa hiyo chupa ilale kichwa chini ili mdomo wake usizibe, au uilaze pamoja nawe ndani ya begi la kulalia. Betri za tochi zikae karibu na mwili, kwani baridi huzilegeza zikaonekana zimekwisha wakati bado zina nguvu. Kumbukeni pia kwamba kambini Barafu hakuna maji, na kwamba yale mtakayopikia yanabebwa kutoka bonde la Karanga. Mwanzoni mwa kiangazi mawe ya kijito kile asubuhi huwa yamevikwa utando mwembamba wa barafu usioonekana, hivyo pima kila jiwe kwa mguu mmoja kabla ya kulikabidhi uzito wako na wa ndoo.

Ukutani Barranco, ambako njia hupanda zaidi ya mita 200 kwa kushika miamba, utando huohuo hukaa kwenye nyufa zenye kivuli hadi jua lifike. Vaeni glavu zinazoshika vizuri, na acheni nafasi kati ya mtu na mtu.

Sasa theluji yenyewe. Wengi wenu mtaishia kambi ya Barafu au ya Kibo, lakini anayepangiwa kumsaidia mwongozaji usiku wa kilele anapaswa kujua kwamba theluji hubadilika kwa saa. Msafara huondoka karibu na saa sita usiku, na wakati huo kilicholainishwa na jua la mchana kimeshaganda tena. Ukipiga ncha ya kiatu, inatoa sauti kavu na kuacha alama ndogo tu. Hapo changarawe za chini zimeshikamana, na kupanda ni kwepesi kuliko zikiwa legelege, ila njia iliyokanyagwa na watu wengi hugeuka mfereji wa barafu ngumu. Kanyaga pembeni kidogo ya mfereji huo, ambako uso bado una mikwaruzo, piga teke dogo kutengeneza mahali pa wayo, kisha hamisha uzito. Ukingoni mwa bonde la volkano, kutoka kituo cha Gilman's kupitia Stella hadi kilele cha Uhuru, mteremko si mkali sana, na hapo ndipo watu huacha kutazama miguu kwa sababu wanaona wamefika, ilhali kando ya njia mtu akiteleza hana cha kumzuia karibu. Kikundi chenye minyororo ya meno ya chuma ya kuvishwa juu ya viatu kiitumie hapo bila kungoja mtu aanguke.

Kufikia saa tatu au saa nne asubuhi, jua limelegeza kila kitu. Mguu unazama hadi kwenye kifundo, theluji inaingia kiatuni ikiwa hujafunika sehemu kati ya kiatu na goti, na mawe yaliyokuwa yameshikwa na barafu usiku huanza kujiachia. Mwaka 2006, mwezi Januari, mawe yaliporomoka upande wa magharibi wa Kibo, katika njia inayopanda kutoka kambi ya Arrow Glacier, na wapandaji 3 walifariki. Mkuu wa msafara anapowahimiza kuondoka mapema, msione anawanyima usingizi.

Macho ni jambo ambalo vijana wetu hulidharau. Juu kule hewa ni nyembamba, mionzi ya jua ni mikali, na theluji mpya hurudisha sehemu kubwa ya mionzi hiyo usoni. Maumivu hayaji papo hapo. Huja saa kadhaa baadaye, macho yakiwasha kama yenye mchanga na machozi yakitiririka, wakati ambapo ulipaswa kuwa unashuka na mzigo. Miwani yenye kinga ya mionzi ni ya lazima hata siku ya mawingu.

Kuhusu ugonjwa wa urefu, yaani ule unaoletwa na hewa nyembamba ya juu, nitasema machache, kwa kuwa mtafundishwa. Nguvu za kuvuta nyavu hazimkingi mtu. Kichwa kikiuma na tumbo likikataa chakula, mwambie mwongozaji. Ukianza kuyumba unapotembea, au ukikosa pumzi hata umekaa, dawa ya kwanza ni kushuka mara moja, usiku au mchana. Usifiche kwa kuogopa kupoteza siku ya kazi.

Nguo nyingi mnaweza kuzipata kabla ya kuondoka, kwenye mitumba ya Mwanga, hapo Kigoma, ambako makoti ya baridi hayana wateja wengi na bei yake si kubwa. Acheni jinzi na sweta za pamba, kwani pamba ikilowa haikauki upesi. Tafuteni jaketi la manyoya laini na koti la juu, na mmwombe muuzaji awaruhusu kumwagia maji kidogo begani mwa koti mkaangalie upande wa ndani. Viatu vipimwe jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, pamoja na soksi mbili, na vidole vibaki na nafasi mbele, la sivyo kucha zitaumia wakati wa kushuka. Boshori na glavu ziwe jozi mbili mbili.

Hali ya njia msiitafute kwenye picha za zamani. Kama mvuvi wa Kibirizi anavyowauliza walioingia alfajiri kabla ya kutia mtumbwi majini, waulize wagumu waliotoka mlimani jana: theluji inaanzia wapi, ni ngumu au imelegea, mvua ilinyesha saa ngapi. Taarifa ya siku nne zilizopita, mwanzoni mwa kiangazi, imeshachakaa.

Mzigo wako hupimwa getini na haupaswi kuzidi kilo 20. Ukiongezewa kitu baada ya mizani, sema. Wakati wa kushuka kwa njia ya Mweka, tope la msituni litakupokea ukiwa na magoti yaliyochoka, kwa hiyo punguza mwendo hata kama wenzako wanakimbilia magari. Ukifika chini, osha viatu siku hiyohiyo, toa soli za ndani, vijaze magazeti na uvianike kivulini penye upepo, kwa maana moto huachanisha gundi ya soli, na huenda ukaitwa kupanda tena kabla ya wiki kwisha.